Hodi Isiyoitikiwa: Kadi ya Mtandao na Makatizo Yake katika Kompyuta za Linux

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilifika nchi kavu katika kisiwa cha Mafia. Siku nane baadaye, tarehe 12 Mei, mikongo miwili ya mawasiliano ilalayo chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa Afrika ya Kusini, na intaneti ikadhoofu katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Katika siku hizo mtu wa Kilindoni au Utende ambaye kompyuta yake ilinyamaza hakukosa wa kumshitaki: upo upepo, upo umeme, upo mnara wa simu, na upo mkongo wa baharini. Kisiwa huwazoesha watu wake kutazama baharini panapotokea shida. Lakini yako maradhi ya mtandao ambayo hayakutoka baharini, wala hayatatibiwa na meli ya kuunga mikongo. Makao yake ni ndani ya sanduku la kompyuta yenyewe, katika safari ya sentimita chache baina ya kadi ya mtandao na kichakataji, na jina lake ni hitilafu ya katizo.

Dalili zake hudanganya. Taa ndogo za kadi zinawaka. Waya ni mzima na umekaa barabara. Mfumo wa Linux unaitambua kadi, unaitaja hata jina la kiwanda chake, na kuipa anwani. Lakini hakuna kinachopita. Au pengine hupita kwa dakika kumi za kwanza, kisha kila kitu husita ghafula wanafunzi wanapoanza kuitumia mashine kwa wingi. Fundi asiyeujua ugonjwa huu hufanya lile ambalo yeyote angelifanya: huitangaza kadi kuwa imekufa, huing'oa, na kuagiza nyingine.

Kwa mtu wa Kariakoo kosa hilo ni la saa moja. Kwa shule iliyoko Mafia ni kosa la juma zima au zaidi, maana kadi hapana budi isafiri kwa barabara hadi Nyamisati, ivuke mlango wa bahari mbele ya delta ya Rufiji, ndipo ifike Kilindoni. Ama ije kwa ndege ndogo. Kadi yenyewe si ghali. Safari yake ndiyo ghali, pamoja na vipindi vya somo vilivyopotea wakati wa kuingoja. Na lililo baya zaidi ni kwamba kadi mpya, ikichomekwa katika nafasi ileile ya ile ya kwanza, aghalabu hufa kwa namna ileile. Hapo ndipo watu huanza kusema kwamba kompyuta ile ina mkosi.

Mkosi haumo. Kadi ya kwanza ilikuwa hai, na ya pili ni hai. Kilichokosekana ni kusikiwa. Na jambo lipasalo kujulikana na kila mwalimu mwenye kompyuta za Linux darasani ni kwamba mashine yenyewe huweka hesabu ya mara ngapi kadi iliita na mara ngapi iliitikiwa, na hesabu hiyo inaweza kusomwa na mwanafunzi wa kidato cha pili bila ya chombo chochote isipokuwa kibao cha herufi.

Kuuliza na kuitwa

Kichakataji hufanya kazi kwa kasi isiyolingana na ya vifaa vinavyokizunguka. Katika muda mwanafunzi anaopandisha kidole kutoka herufi moja hadi nyingine, kichakataji cha kawaida cha leo kinaweza kutekeleza amri milioni mamia kadhaa. Basi kitajuaje kwamba herufi imebonyezwa, au kwamba pakiti ya habari imewasili kutoka katika mtandao?

Njia ya kwanza ni kuuliza. Kichakataji husimamisha kazi yake kila baada ya muda mfupi na kuikagua kadi: je, kuna kitu? Hakuna. Je, sasa? Hakuna. Ni kama mwenye nyumba aliyeko jikoni ambaye kila dakika huacha mwiko, huenda hadi mlangoni, hufungua, hutazama nje, na kurudi. Wageni wakiwa haba, chakula chake kitaungua pasipo faida yoyote.

Njia ya pili ni kuitwa. Mwenye nyumba hupika kwa utulivu, na mgeni afikapo hupiga hodi. Mwenye nyumba huiweka sufuria pembeni, hukumbuka alipofikia katika mapishi, huitika karibu, humpokea mgeni, kisha hurudi jikoni na kuendelea pale alipoachia. Hodi hiyo, katika kompyuta, ndiyo katizo: ishara ya umeme itumwayo na kifaa ili kumkatiza kichakataji katika kazi yake. Kazi ya kumpokea mgeni hufanywa na programu iitwayo kiendeshaji, na kila kifaa kina kiendeshaji chake. Fikra hii si ngeni. Kompyuta za miaka ya 1950 huko Marekani zilikwisha kuitumia.

Ni muhimu kutambua kwamba kadi ya mtandao hupiga hodi kwa mambo mawili. Hupiga pakiti inapoingia, na hupiga pia pakiti ya kutoka inapokwisha kuondoka, ili kiendeshaji kijue kwamba ghala dogo la kutumia lina nafasi tena. Hodi zikipotea, basi, kompyuta haiwi kiziwi tu bali huwa na bubu juu yake: hutuma pakiti chache, ghala hujaa, na kutuma nako hukoma.

Mlango mmoja, wapangaji wengi

Laiti kila kifaa kingekuwa na mlango wake peke yake, makala haya yasingehitajika. Kompyuta ndogo ya kampuni ya IBM iliyotoka mwaka 1981 ilitumia kipande cha elektroniki kiitwacho 8259, chenye milango 8 tu ya kupokelea hodi. Toleo la mwaka 1984 liliongeza kipande cha pili, ikawa milango 16. Na kwa kuwa mmoja ulitumika kuviunganisha vipande hivyo viwili, ilibaki 15. Ndani ya hiyo, namba 0 ilikuwa ya saa ya ndani, namba 1 ya kibao cha herufi, 3 na 4 za njia za modemu, 7 ya mashine ya kuchapia, 14 ya diski. Kadi ya mtandao ilipewa mlango kwa kuhamisha kijipande cha chuma kwa mkono juu ya kadi yenyewe, na kadi mbili zikipewa namba moja zilizuiana zote mbili. Tanzania haikuumizwa sana na adha hiyo katika miaka ya mwanzo, kwa sababu isiyohusiana na elektroniki: amri ya serikali ya mwaka 1974 ilikuwa imezuia uingizaji wa kompyuta nchini, na ilichukua miaka kulegezwa.

Miaka ya 1990 ulikuja utaratibu mpya wa kuchomeka kadi, ujulikanao kwa herufi PCI, ambao uliruhusu vifaa kadhaa kutumia mlango mmoja. Kompyuta nyingi za mezani za zamani, za namna ambazo hufika mashuleni zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, zimejengwa hivyo. Hapa mfano wa mwenye nyumba hauna budi kupanuliwa. Nyumba sasa ni ya vyumba vingi, ina wapangaji wengi, na mlango wa mbele ni mmoja. Hodi ikipigwa, kila mpangaji huulizwa kwa zamu: je, mgeni huyu ni wako? Wa kwanza hutazama na kusema si wangu. Wa pili hutazama, humtambua mgeni wake, na kumkaribisha. Mgeni akiisha kuingia, hodi hunyamaza.

Utaratibu huu hufanya kazi vizuri maadamu kila mgeni ana mwenyeji. Ichukuliwe sasa kwamba ndani ya kompyuta kimo kifaa ambacho hakuna mtu anayekitumia, tuseme modemu ya simu iliyosahauliwa, na Linux haikupakia kiendeshaji chake. Kifaa hicho, kwa sababu yoyote ile, kinaanza kupiga hodi. Wapangaji wote wanaulizwa, wote wanasema si wangu. Kwa kuwa hakuna aliyekipokea, kifaa hakiachi. Katika utaratibu wa PCI hodi si mgongo mmoja wa mlango bali ni waya unaoshikiliwa mpaka mgeni apokewe. Mara tu kichakataji kinaporudi kazini mwake, waya ungali umeshikiliwa, na kinakatizwa tena. Na tena. Kazi nyingine yote husimama.

Watungaji wa kiini cha Linux waliliona jambo hili na wakaweka kinga. Kiini huhesabu. Yakitimia makatizo 100,000 katika mlango mmoja, hutazama ni mangapi kati yake yaliyokosa mwenyewe. Yakizidi 99,900, huamua kwamba mlango ule umeharibika, na huufunga. Kompyuta inapumua. Lakini mlango uliofungwa ulikuwa pia ndio mlango wa kadi ya mtandao, ambayo haikufanya kosa lolote. Tangu hapo hodi zake hazimfikii mtu. Huu ndio mkosi wa kompyuta ile, na ndiyo sababu kadi mpya iliyochomekwa katika nafasi ileile haikuokoa kitu: imeurithi waya uleule, na jirani yuleyule.

Wakati wa kuufunga mlango, kiini huandika katika kumbukumbu zake sentensi ya Kiingereza isomekayo «irq 11: nobody cared», yaani, kwa tafsiri ya bure, katika mlango wa 11 hapakuwa na aliyeitika, na chini yake «Disabling IRQ #11», yaani mlango wa 11 unafungwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa programu za ofisini katika Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, chini ya mradi wa Kilinux. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Hata hivyo tafsiri hiyo ilihusu maandishi ya madirisha na orodha za kazi. Maneno yasemwayo na kiini chenyewe yamebaki katika Kiingereza hadi leo, na mwalimu hana budi kuyajua machache kwa sura.

Hesabu isomwayo na yeyote

Mfano wa vitendo utafaa. Ichukuliwe kompyuta ya mezani yenye Linux katika chumba cha kompyuta cha shule moja ya kisiwani, iliyounganishwa kwa waya na swichi ya chumba hicho. Haina mtandao. Kabla ya kugusa bisibisi, mwalimu aandike amri hii:

cat /proc/interrupts

Kitakachotokea katika kioo ni jedwali linalofanana na hili:

           CPU0
  0:    4821733   XT-PIC   timer
  1:       2214   XT-PIC   i8042
 11:     100000   XT-PIC   uhci_hcd, eth0
 14:      38120   XT-PIC   ide0

Safu ya kwanza ni namba ya mlango. Ya pili ni idadi ya hodi zilizopokelewa tangu kompyuta iwashwe. Ya mwisho ni wapangaji wa mlango huo. Mstari wa 1 ni kibao cha herufi: mwanafunzi akiandika amri ileile mara ya pili ataona namba imepanda, na ataweza kuhesabu mwenyewe kwamba kila kibonye hupiga hodi mara mbili, kinapobonyezwa na kinapoachiwa. Jaribio hilo dogo linastahili kufanywa darasani hata pasipo na ugonjwa wowote, kwa kuwa ni mara chache mwanafunzi hupata kuona kwa macho yake jambo lipitalo ndani ya mashine.

Mstari wa 11 ndio wenye habari. Kadi ya mtandao, eth0, inakaa mlango mmoja na kidhibiti cha vifaa vya USB. Katika mifumo mipya jina la kadi huwa refu zaidi, mfano enp3s0, lakini maana haibadiliki. Sasa kutoka kompyuta ya jirani katika chumba hichohicho, mwanafunzi aipigie kompyuta mgonjwa kwa amri ya ping kwa nusu dakika, kisha jedwali lisomwe tena. Kompyuta ya jirani ni bora kuliko tovuti ya mbali, kwa maana pakiti haitoki nje ya chumba, na hivyo mnara, mkongo na hali ya bahari vyote vinaondolewa katika shauri kwa mara moja.

Ikiwa namba ya mstari wa kadi inapanda, na amri ya «ip -s link» inaonyesha kwamba pakiti zilizopokelewa nazo zinaongezeka, basi hodi zinasikika na kadi haina hatia. Ubaya utafutwe katika anwani, katika ruta, au mbali zaidi. Hapo sasa ni halali kutazama baharini.

Ikiwa namba imesimama, na hasa ikiwa imesimama katika 100,000 au 200,000 au jirani yake, basi tarakimu hizo za mviringo aghalabu si bahati. Mlango umefungwa. Amri ya dmesg, ambayo huonyesha kumbukumbu za kiini, itathibitisha kwa ile sentensi iliyotajwa hapo juu. Wakati mwingine mtandao haufi kabisa bali hukokota, kwa sababu kiini, baada ya kuufunga mlango, hurudia ile njia ya kale ya kuuliza, mara chache tu kwa sekunde.

Ikiwa namba ni 0 tangu mwanzo, ugonjwa ni mwingine: mwenye nyumba anasikiliza mlango usio wake. Ni programu ya msingi ya ubao mama, yaani BIOS, inayomweleza Linux kwamba waya wa nafasi fulani unaishia katika mlango fulani. Ramani hiyo ikiwa na kosa, na katika mbao nyingi za bei nafuu ilikuwa na makosa, kadi hupiga hodi mlango wa 10 na kiini hungoja mlango wa 11. Kumbukumbu za kiini zitakuwa na maneno «NETDEV WATCHDOG» na «timed out», maana yake mlinzi wa mtandao amengoja taarifa ya kutumwa kwa pakiti na haikuja. Kabla ya kuamua hivyo, hata hivyo, amri ya «ethtool eth0» na itoe neno «yes» katika mstari wa «Link detected». Waya uliochomoka nao huleta 0, na aibu ya kufungua kompyuta nzima kwa ajili ya waya uliochomoka haifai kumpata mtu mbele ya darasa.

Dawa, kuanzia iliyo rahisi

Dawa ya kwanza haigharimu senti. Kompyuta izimwe na kuchomolewa katika umeme, kadi ing'olewe, na ichomekwe katika nafasi nyingine ya ubao mama. Nyaya za nafasi za PCI zimepishwa kwa makusudi, ili kadi za nafasi jirani zisiangukie mlango mmoja. Kuhama nafasi moja kwa kawaida ni kuhama mlango. Wakati kadi iko nje, meno yake ya shaba yatazamwe. Hewa ya kisiwani ina chumvi na unyevu, na utandu wa kutu huweza kuzuia mgusano. Kifutio laini cha penseli, kikisuguliwa pole, huuondoa. Msasa usitumiwe, maana huondoa pia ganda la dhahabu lililopakwa kuzuia kutu.

Dawa ya pili ni kuwafukuza wapangaji wasio na kazi. Amri ya «lspci -v» hutaja kila kifaa na namba ya mlango wake. Modemu isiyotumika ing'olewe. Kifaa kilichojengwa ndani ya ubao, kama kadi ya sauti au njia ya mashine ya kuchapia, kizimwe katika BIOS wakati kompyuta inapowaka. Kompyuta zilizochangwa kwa ajili ya shule mara nyingi huwa na vifaa vya namna hii ambavyo hakuna anayevikumbuka.

Kadi ikiwa imejengwa ndani ya ubao mama haiwezi kuhamishwa, na hapo huhitajika dawa ya tatu, yaani maneno ya kumwambia Linux wakati inapowaka. Maneno hayo huandikwa mwishoni mwa mstari wa kuwasha mfumo, na kila moja lina maana yake. Kuyaandika yote kwa pamoja kwa matumaini kwamba moja litafaa ni desturi mbaya, kwa kuwa mashine ikipona haitajulikana imeponywa na nini. Neno «irqpoll» huamuru kwamba hodi ikikosa mwenyewe, waulizwe wapangaji wa nyumba nzima na siyo wa mlango ule tu. Huponya mara nyingi, lakini huipunguzia mashine kasi. Neno «acpi=noirq» humwambia kiini asiiamini ramani ya milango aliyopewa na BIOS kwa njia ya ACPI, bali atumie njia nyingine. Neno «noapic» huirudisha kompyuta katika ile milango 16 ya kale. Huweza kufaa pale ramani mpya ilipokosewa, ijapokuwa, kwa kupunguza milango, huongeza msongamano.

Liko na neno «pci=nomsi». Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilibuniwa namna bora ya kupiga hodi: badala ya kuvuta waya wa pamoja, kadi huandika ujumbe mfupi katika anwani maalumu, na ujumbe wenyewe hutaja ni nani anayeitwa. Hakuna tena kuulizana. Kompyuta mpya karibu zote hutumia namna hii, na katika jedwali hutambulika kwa herufi MSI. Lakini baadhi ya mbao za kipindi cha mpito ziliahidi uwezo huo bila ya kuutimiza. Ujumbe uliandikwa na haukufika. Neno hili huikataza Linux kuutumia, na kadi hurudi katika waya wa zamani.

Wageni wengi mno

Upo ugonjwa wa tatu, ulio kinyume cha hayo mawili, nao huwapata walio na mtandao wa kasi. Wanafunzi wanaweza kuukokotoa wenyewe. Pakiti ndogo kuliko zote katika mtandao wa Etheneti ina baiti 64; ikiongezwa baiti 8 za kitangulizi na pengo la baiti 12 baina ya pakiti na pakiti, hupatikana baiti 84, sawa na biti 672. Katika waya wa biti milioni 10 kwa sekunde zinaweza kupita pakiti 14,880 kila sekunde. Katika waya wa biti bilioni moja, ambao leo ni wa kawaida, zinaweza kupita 1,488,000 na ushei. Ikiwa kupokea hodi moja na kurudi kazini kunachukua, kwa makadirio, milioni tano za sekunde, basi kichakataji kikiacha kazi zote kinaweza kupokea hodi 200,000 tu kwa sekunde. Mashine hutumia uhai wake wote mlangoni, ikisema karibu, karibu, na hakuna mgeni hata mmoja afikaye sebuleni.

Ufumbuzi ulioingizwa katika Linux mwanzoni mwa miaka ya 2000, na unaojulikana kwa jina NAPI, unapendeza kwa kuwa unairudisha njia ya kale kwa heshima. Mgeni wa kwanza hupiga hodi. Kiendeshaji humpokea, na papo hapo huizuia kadi isipige hodi tena. Kisha husimama mlangoni na kupokea wote walio katika foleni, mmoja baada ya mwingine, mpaka foleni ikwishe, ndipo hodi huruhusiwa upya. Mgeni akiwa mmoja huitwa. Wakiwa umati huulizwa. Kwa sababu hiyo mwanafunzi asishangae akiona kwamba katika kompyuta yenye afya pakiti ni nyingi kuliko makatizo.

Kadi nyingi huweza pia kuamriwa zingoje kidogo na kupiga hodi moja kwa ajili ya wageni kadhaa. Amri ya «ethtool -C eth0 rx-usecs 100» huiambia kadi inayoikubali ingoje milioni mia moja za sekunde, na hivyo hodi za kupokea haziwezi kupita 10,000 kwa sekunde hata wageni wawe wengi namna gani. Kwa kompyuta kuukuu inayogawia darasa zima faili kutoka katika diski yake, tofauti huonekana. Hata hivyo, kwa shule iliyounganishwa na dunia kwa mtandao wa simu tu, msongamano huu hautaletwa na intaneti, ambayo ni nyembamba mno kuuleta, bali utazuka kati ya kompyuta za chumba chenyewe.

Imebaki hatua moja ya kiutendaji. Neno lililoandikwa katika mstari wa kuwasha mfumo hudumu mara moja tu. Kompyuta ikizimwa, na umeme ukikatika huzimwa bila ya kuulizwa, neno hupotea na ugonjwa hurudi. Katika Debian na Ubuntu neno hilo liandikwe ndani ya faili /etc/default/grub, katika mstari unaoanza na GRUB_CMDLINE_LINUX, kisha itolewe amri ya update-grub. Na kwa kuwa walimu huhamishwa, neno lililotumika, tarehe, namba ya mlango, na hesabu iliyosomwa kabla na baada ya dawa viandikwe katika karatasi na kubandikwa upande wa ndani wa kifuniko cha sanduku, mahali ambapo atakayefuata, akiwa na bisibisi mkononi, hatakosa kuiona kabla ya kuing'oa kadi.